Kutoka Haneti Hadi Chai ya Amani: Mbinu za Kutembea Msituni Siku Nzima

Miguu unayo. Mtu aliyezoea kukata mbuga kutoka Haneti kwenda Itiso, huko Dodoma, jua la saa saba likiwa utosini, hahitaji kufundishwa uvumilivu.

Ila msitu wa milima ya chai haukuulizi una nguvu kiasi gani. Unakuuliza mambo mawili tu: umekauka au umelowa, na sasa hivi ni saa ngapi. Ukiyamudu hayo mawili, siku itakuwa tamu. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana nayo.

Unakwenda Amani, Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Kule msitu wa asili na mashamba ya chai vimekaa ubavu kwa ubavu, kiasi kwamba siku moja inatosha kuvipitia vyote viwili. Chai ya Tanzania ilianza kujaribiwa hapo hapo Amani mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani walipofungua kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Leo msitu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, yenye hekta zipatazo 8,380.

Kwanza, ondoa hofu ya kimo. Amani iko kama mita 900 juu ya usawa wa bahari. Dodoma mjini ni zaidi ya mita 1,100. Mlima unaokwenda kuupanda uko chini kuliko nyumbani kwako, kwa hiyo pumzi haitakuwa tatizo.

Tatizo ni maji. Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, na Amani hupata karibu 2,000. Mvua inayowachukua ninyi miaka mitatu, kule inanyesha mwaka mmoja. Jiandae kwa hilo.

Chagua mwezi kwa kalenda ya kule

Usipange safari kwa kutazama mbingu za Haneti. Kwenu mvua ikikatika Aprili, kiangazi kimeingia mpaka Novemba au Desemba. Kule masika hushika Machi hadi Mei, vuli huja Oktoba hadi Desemba, na manyunyu hayakosekani katikati.

Nenda Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Aprili iache kabisa: njia zinateleza na magari yanakwama.

Ukienda Juni au Julai, beba sweta nzito. Usiku kuna baridi, na ukungu wa asubuhi unapenya nguo.

Fanya mazoezi ya kushuka

Anza wiki tatu kabla. Panda vilima vya Haneti au vya Chenene mara mbili kwa wiki, asubuhi na mapema. Kilima cha Haneti kimechimbwa krisoprasi, yale mawe ya kijani, tangu miaka ya 1980. Pita mbali na mashimo ya wachimbaji.

Weka dumu la maji la lita tano kwenye mkoba, panda nalo, ushuke nalo taratibu. Watu wengi hujipima kwa kupanda, kumbe magoti na mapaja huumizwa na kushuka. Njia za Amani zina miteremko mirefu, na udongo wake mwekundu ukilowa unateleza sana.

Ukishuka hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, umeiva. Ukishuka kwa kukimbia, rudia.

Nguo: zipime kwa maji kabla ya kuondoka

Jinzi iache nyumbani. Ikilowa inakuwa nzito, inachubua mapaja, na haikauki siku nzima. Fulana ya pamba nayo hivyo hivyo: jasho likiingia, linakaa.

Fanya jaribio hili. Chukua nguo unazofikiria kuvaa, ziloweke, zikamue, zitundike kivulini. Baada ya saa moja zipapase moja moja. Iliyokauka kuliko zote ndiyo ya kuvaa. Mara nyingi itakuwa ile jezi ya mpira ya shilingi chache uliyoinunua kwenye mitumba.

Vaa suruali ndefu nyepesi na mikono mirefu. Dada yangu, kama unapenda sketi, vaa suruali ndani. Ingiza ncha za suruali kwenye soksi. Hutapendeza, lakini siafu, kupe na upupu vitakosa mlango.

Koti la mvua liwe jepesi na lifike magotini. Mwavuli unafaa kwenye barabara ya chai, ila msituni utanasa kwenye matawi.

Viatu: geuza utazame soli

Kiatu kizuri utakijua kwa chini. Kigeuze. Soli iwe na meno marefu yaliyoachana, ili tope lidondoke. Soli iliyolika ni hatari hata kama kiatu ni cha bei kubwa.

Mabuti ya mpira ni chaguo la heshima, wenyeji wengi wanayavaa. Yanashinda tope, ila yanachubua kisigino. Vaa soksi mbili, ile ndefu iwe juu.

Usivae kiatu kipya siku hiyo. Kitembelee wiki mbili kwanza. Na kata kucha za miguu siku mbili kabla ya safari. Kwenye mteremko vidole vinagonga mbele ya kiatu maelfu ya mara, na kucha ndefu itageuka nyeusi.

Yeboyebo na kandambili vibaki vya kuvaa jioni.

Mkoba: vitu vichache, vyote vikavu

Mkoba wa kawaida wa shule unatosha. Muhimu ni ndani yake. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usitegemee rambo. Tafuta nailoni ya ndani ya kiroba cha sukari, isafishe, itandaze ndani ya mkoba, kisha panga vitu humo na uisokote mdomo. Mkoba ukilowa nje, ndani kunabaki kukavu.

Pakia hivi:

- Soksi kavu na fulana kavu, vimefungwa pamoja. Hivi usiviguse mpaka mwisho wa safari.
- Khanga moja. Ni taulo, ni kitandiko, ni pazia la kubadilishia nguo.
- Tochi. Ya simu haitoshi, inamaliza chaji.
- Pawabenki ndogo, na simu ndani ya mfuko wake usiopitisha maji.
- Filimbi. Msituni sauti ya mtu haifiki mbali, filimbi inafika.
- Plasta, spiriti, kibano cha kuvutia kupe na miba, dawa ya maumivu, pakiti mbili za ORS.
- Kitambulisho, na pesa taslimu za noti ndogo ndogo.

Chukua pia fimbo. Hii mtu wa Ugogoni hahitaji kununua, unayo ya kuchungia. Ifikie usawa wa kiwiko. Ukipanda, ishike mbele. Ukishuka, itangulize chini kwanza, ndipo ulete mguu. Usiende kukata fimbo msituni: ile ni hifadhi, na mti mchanga ni mti.

Chakula: beba cha Dodoma

Nyumbani tayari kuna chakula bora cha safari. Karanga za kukaanga zenye chumvi. Zabibu kavu. Ubuyu wa kumung'unya. Vinakaa bila kuharibika, ni vyepesi, na vinatia nguvu haraka.

Ongeza chapati mbili na mayai ya kuchemsha, au viazi vitamu. Ugali hapana, utakulaza.

Kula kidogo kidogo kila baada ya saa moja. Usisubiri njaa. Ukisubiri mlo mmoja mkubwa wa saa nane, utashindwa kuinuka.

Maji: kunywa hata kama husikii kiu

Hapa ndipo mtu wa nchi kavu anadanganyika. Haneti jasho linakauka kabla hujaliona, na kiu inakupigia kelele mapema. Amani kuna kivuli na hewa ya unyevu, hivyo jasho linabaki mwilini na kiu inachelewa. Mwili unapoteza maji bila kukupa taarifa.

Beba lita mbili na nusu. Piga mafunda matatu kila nusu saa, kiu iwepo isiwepo. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, simama, kunywa, changanya ORS.

Maji ya kijito usinywe bila kuyatibu. Vidonge vya kutibu maji vinaua vijidudu, ila haviondoi dawa za shambani. Kwa hiyo maji yanayotoka kwenye chai yaache yapite. Jaza chupa kijijini, kwenye bomba.

Na usioge wala kufulia sabuni mtoni. Vijito hivi vinaingia mto Zigi, na mto Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, wanakopata maji watu wa Tanga mjini. Ukibanwa na haja, sogea mbali na kijito hatua sabini au zaidi, chimba, fukia.

Kufika: gawanya safari, usiifanye siku moja

Usijaribu kutoka Haneti, kutembea, na kurudi kwa pupa. Panga siku ya kwenda, siku ya kutembea, siku ya kurudi.

Toka Haneti alfajiri na gari la kwanza linaloteremka Dodoma. Dodoma panda basi la Tanga. Linapita Morogoro, Chalinze na Segera. Mwambie kondakta unashuka Muheza, na umkumbushe mkifika Segera.

Njia nyingine ni treni ya SGR, iliyoanza kuhudumia Dodoma mwishoni mwa Julai 2024. Panda mpaka Morogoro, chukua bajaji hadi stendi ya Msamvu, utafute basi la Tanga. Kata tiketi mapema, hasa karibu na sikukuu.

Muheza uliza magari ya Amani. Kawaida ya magari ya milimani ni kupanda mchana na kushuka asubuhi na mapema. Ukifika jioni, lala Muheza, na chandarua usikikatae. Muheza ni nchi ya malaria, ndiyo maana kituo cha utafiti wa ugonjwa huo kipo hapo.

Ukiwahi gari, lala Sigi au Amani yenyewe. Kote kuna nyumba za wageni. Piga simu kabla, wiki nzima kabla kama mko kundi.

Ruhusa: gonga milango miwili

Mlango wa kwanza ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Lango liko Sigi, pale palipokuwa kituo cha reli ndogo ya Wajerumani ya kubebea magogo. Utapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu, unapewa risiti. Itunze, maana unaweza kuulizwa njiani. Raia wa Tanzania analipa tofauti na mgeni, kwa hiyo toa kitambulisho kabla hawajaanza kuandika.

Mlango wa pili ni shamba la chai. Chai ni mali ya kampuni, na hata baadhi ya msitu ulio chini ya hifadhi, kama hekta 1,065, ni wa makampuni ya chai. Kibali cha TFS si kibali cha kukatisha shambani. Mwongoza wageni wako atajua pa kuomba. Ukikutana na nyapara, msalimie, mweleze unakotoka na unakokwenda. Dakika mbili za adabu zinafungua barabara.

Mwongoza wageni mchukue, hata kama unajiamini. Mpate kupitia ofisi ya hifadhi. Kubalianeni mambo manne kabla ya hatua ya kwanza: njia gani, saa ngapi, bei kiasi gani, na chakula cha nani. Kisha muulize, "Jana mvua ilinyesha wapi?" Jibu lake ndilo litakalochagua njia.

Njia gani?

Ziko nyingi, za urefu mbalimbali. Chagua moja, uimalize vizuri.

Kama hujawahi kutembea msituni, chukua kilima cha Mbomole. Kiko karibu na Amani, na kileleni mbele yako pamefunguka. Utarudi mapema.

Kama unataka msitu na chai kwa siku moja, omba njia ya Derema au ya Kwamkoro. Hizi ndizo zinazokuingiza kivulini, zikakutoa kwenye chai, zikakurudisha kivulini.

Kama magoti yako ni mazima, kuna ile ya kupanda Sigi mpaka Amani kwa miguu. Panda, usishuke, na kurudi panda gari.

Saa: hesabu kabla hujatoka

Tumia hesabu hii. Kilomita moja ya kupanda msituni ni dakika 30. Kilomita moja ya barabara ya chai ni dakika 15. Jumlisha, kisha ongeza theluthi moja ya kupumzika na kutazama.

Mfano: njia ya kilomita 12, tano za msitu na saba za chai. Msitu dakika 150, chai dakika 105, jumla 255. Ongeza theluthi, unapata 340. Hizo ni saa tano na dakika 40. Ukitoka saa moja asubuhi, unamaliza saa saba kasoro dakika 20. Hapo una akiba ya mchana mzima.

Toka saa moja. Si saa tatu. Mvua hupenda kushuka mchana, na asubuhi ndipo ndege na kima wanaonekana.

Weka saa ya kugeuka: saa sita mchana. Ikifika na hujamaliza nusu ya njia, geuza. Usibishane na mlima.

Na kumbuka, Amani iko mashariki ya kwenu, kwa hiyo jua linazama kama dakika kumi mapema kuliko Haneti. Juu ya hapo, chini ya miti mikubwa giza linaanza kujikusanya saa kumi na moja. Saa kumi jioni uwe umeshatoka msituni.

Ndani ya msitu

Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuongea. Ukikosa pumzi ya kumaliza sentensi, punguza.

Anayekwenda polepole akae mara tu nyuma ya mwongoza wageni. Kundi linakwenda kwa mwendo wake, basi. Mkiachana kiasi cha kutoonana, simameni.

Gogo lililoanguka usiliruke. Panda juu yake, simama, tazama upande wa pili, kisha shuka. Kifutu unamjua wa nyumbani, anayelala kwenye vumbi. Ndugu zake wa msituni hulala kwenye majani makavu na wamefanana nayo kabisa.

Usishike mti bila kuutazama. Mingine ina miba, mingine ina siafu. Ukiteleza, kaa chini kwa makalio badala ya kudaka tawi.

Ukikuta mstari mweusi unaovuka njia, hao ni siafu. Usisimame kupiga picha. Vuka kwa hatua ndefu, endelea hatua ishirini, ndipo ukague miguu. Wakishapanda, watoe mmoja mmoja kwa vidole. Kupangusa kunawakasirisha.

Mizizi iliyolowa usiikanyage, kanyaga katikati yake. Jiwe lenye ukungu wa kijani nalo hivyo hivyo.

Ndani ya chai

Ukitoka msituni utafurahi, maana mbele ni peupe. Hapa ndipo umakini unapopungua, na hapa ndipo rahisi kupotea. Njia za chai zinafanana kama sare za shule. Ukungu ukishuka, huoni hata kona uliyotoka.

Kila njia panda, geuka nyuma upige picha ya ulikotoka. Picha ya mbele haitakusaidia kurudi. Pakua ramani kwenye simu ukiwa Muheza, kwa sababu mtandao milimani unakuja na kuondoka.

Pita barabarani, si katikati ya michai. Mchai ukiachwa ungekuwa mti. Unabaki kiunoni kwa sababu unachumwa na kukatwa miaka nenda rudi, na chini ya yale majani laini kuna visiki vigumu vyenye ncha. Vinachana suruali na ngozi.

Ukiona mtu amebeba pampu ya dawa mgongoni, zunguka. Usichume jani ukalitafuna.

Trekta la majani likija, simama upande wa juu wa barabara, si upande wa korongo.

Wachumaji wakiwa kazini, anza wewe: "Poleni na kazi." Kwa mzee, shikamoo. Tazama mikono yao kidogo. Wanachukua majani mawili na chipukizi lake, wanajaza kiganja, wanatupia kapuni mgongoni, na macho tayari yako kwenye shina linalofuata. Ukitaka picha, omba. Wanalipwa kwa kilo, kwa hiyo usimsimamishe mtu kwa maongezi marefu.

Jua la kwenye chai nalo lina yake. Umetoka kivulini, hulisikii kwa sababu ya upepo. Vaa kofia.

Tazama haya, usiyaguse

Simama kila baada ya muda, nyamaza dakika mbili. Hapo ndipo msitu unajitokeza.

Sauti nzito ya mbawa juu ya miti, kama mtu anakung'uta mkeka, ni hondohondo. Mbega wenye manyoya meusi na meupe hukaa juu sana, tafuta mikia.

Tazama matawi ya usawa wa macho, upate kinyonga. Mmoja wao, dume lake lina pembe tatu, amepewa jina la kisayansi kutokana na hapo hapo Derema. Usimtoe tawini.

Kwenye miamba yenye kivuli, tafuta maua madogo ya zambarau. Ni Saintpaulia. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwao, na leo yanapandwa kwenye vyungu madirishani duniani kote. Porini yamebaki machache. Usichume hata moja.

Ukitaka zawadi ya nyumbani, nunua viungo vijijini: iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu. Vinalimwa palepale, na mkulima anapata pesa mkononi.

Mambo yakiharibika

Kabla ya kuondoka, mwachie mtu wa nyumbani ujumbe: jina la njia, jina la mwongoza wageni, na saa ya kurudi. Hifadhi namba ya ofisi ya hifadhi kwenye simu, na iandike pia kwenye karatasi.

Mkipotea, simameni. Msishuke korongoni kufuata maji, kule kuna maporomoko na mtandao hakuna. Rudini mpaka pale mlipokuwa na uhakika. Msipopaona, pulizeni filimbi mara tatu, pumzikeni, rudieni.

Mtu akiteguka kifundo cha mguu, usimvue kiatu. Kaza kamba, funga khanga juu yake, mpe fimbo, mrudi kwa njia fupi.

Mtu akiumwa na nyoka, mlaze, mguu usitembee, usichanje, usifyonze. Vua pete na viatu kabla ya kuvimba. Mbebeni, na pigeni simu ofisi ya hifadhi iandae gari. Namba ya dharura ya polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Mtu akianza kutetemeka na kuongea hovyo, ni baridi ya nguo mbichi. Mvue, mvike fulana kavu, mfunge khanga, mpe kitu kitamu. Usiseme "hii si Kilimanjaro". Nguo mbichi na upepo vinatosha.

Kama Amani ni mbali

Ukiona Tanga ni mbali, fikiria Mufindi. Kutoka Dodoma unapita Mtera, unafika Iringa, unaendelea Mafinga. Chai ni nyingi na misitu ipo. Ila kule ni juu kweli, na Juni hadi Agosti baridi yake haina utani. Ongeza sweta la pili. Mengine yote ya hapa yanabaki vilevile.

Ukirudi chumbani

Jikague kupe kabla hujaketi: nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta polepole moja kwa moja. Usimchome moto.

Vua vyote, vaa zile kavu ulizozificha. Viatu vitoe soli za ndani, vijaze karatasi, viweke mbali na moto.

Nyoosha mapaja dakika kumi. Kesho utakaa kwenye basi kutwa nzima, na mapaja yasiyonyooshwa yatagoma kushuka ngazi Morogoro.

Kisha muulize mwenye nyumba gari la alfajiri linapita saa ngapi, na tega kengele nusu saa kabla. Gari la milimani likishakata kona, la pili unaweza kulingojea mpaka kesho yake.